Shubiri ya Dobi

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakuacha ulale, na kwamba bado unagombana na randa yako kama kawaida. Mimi mzima kabisa, ila usingizi umenihama kwa furaha.

Chuo kimenipa somo langu mwenyewe la kufundisha. Wanafunzi hawafanyi mtihani. Wanamtafuta mtu mwenye shida, wanamsikiliza, kisha wanamtengenezea kitu kwa mikono yao. Mkuu wa chuo ameniambia wazi kwamba ananipa muhula mmoja tu. Siku ya maonyesho nisipomwonyesha kitu ambacho mtu anakitumia kweli, somo linafutwa na mimi narudi kuchora ramani ubaoni.

Mtu wetu tumeshampata. Ni dobi wa hospitali iliyo nyuma ya chuo, mama mmoja anayefua shuka themanini kwa siku. Wanafunzi walimwendea na madaftari yao, wakitaka kumvumbulia mashine ya kufulia. Akawaambia kufua hakumsumbui, kinachommaliza ni kukamua, akawaonyesha viganja vilivyovimba. Basi tunatengeneza kikamuzi, yaani vigogo viwili vya mviringo vinavyobana shuka katikati, na mpini wa kuzungushia. Baba, wewe ndiye fundi. Huo mpini uwe juu kiasi gani?

Mwanao

15 Machi

Mama,

Marahaba. Goti ni lilelile, nimeshalizoea kama jirani mkorofi. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimecheka. Nilikufukuza karakanani ili ukasome, nawe umesoma weee, halafu umerudi kwenye vumbi la mbao.

Mpini uwe shubiri tano kutoka sakafuni. Vigogo viwe vya mti mgumu. Na msipige misumari penye maji, itashika kutu mchafue shuka za wagonjwa. Tumieni vigingi.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Jana tulipeleka kikamuzi, wanafunzi wakiimba njia nzima. Dobi alizungusha mara mbili huku amesimama kwa ncha za vidole, akasema asanteni wanangu, akarudi kukamua kwa mikono. Mpini ukifika juu unampita kichwa. Tulipima shubiri tano barabara, kwa mkono wa Twiga, mwanafunzi wetu mrefu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Zimebaki wiki tatu, mbao zimekwisha, na wanafunzi wanakwepa kunitazama. Nisamehe kwa kuuliza, Baba, lakini hukukosea? Shubiri tano ni nyingi mno.

Mwanao

9 Aprili

Mama,

Marahaba. Mama yako mzima, anasema ule vizuri. Mimi nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikajikasirikia mwenyewe.

Shubiri ya Twiga? Miaka arobaini, mteja akiingia kwangu, kabla sijagusa ubao namwambia, "Weka mkono wako hapa." Meza, kiti, kitanda, vyote napima kwa mkono wa atakayevitumia. Sikuandika hilo kwa sababu sikujua kama yupo mtu asiyelijua, tena mwanangu mwenyewe. Lakini ungelijuaje? Kila mteja alipoingia nilikutoa nje ukasome. Kosa ni langu, nami naumia kulisema.

Usinunue mbao. Kateni miguu ya hicho mlicho nacho. Ila kwanza mwiteni mwenyewe, aweke mkono wake.

Baba yako

28 Aprili

Baba,

Shikamoo. Keti kwanza ndipo usome.

Dobi alikuja karakanani kwetu. Alitandaza kiganja mara tano kuanzia sakafuni, Twiga akaweka alama, akashika msumeno. Kikamuzi kilipokuwa tayari dobi akazungusha, maji yakamwagika, akazungusha tena. Hakutushukuru. Alisema tu, "Nibebeeni."

Asubuhi ya maonyesho tulikwenda kukichukua, akatukatalia. Alisema shuka zinamngoja, anayetaka kukiona aje. Kwa hiyo meza yetu ilikuwa na kitambaa tu, na wanafunzi nyuma yake wakitoka jasho. Mkuu alifika na wageni, akauliza kitu chenyewe kiko wapi. Twiga ndiye aliyejibu, "Kiko kazini, mkuu."

Nikajua ndiyo basi. Kisha mkuu akaongoza wageni wote hadi kwa dobi, ambaye aliwaitikia salamu bila kuacha kuzungusha. Mkuu akaomba ajaribu. Akakamua shuka tatu, suruali ikamlowa hadi magotini, na dobi akamwambia asimame vizuri, anachafua sakafu.

Mkuu akaniacha mimi, akawageukia wanafunzi. "Muhula ujao," akauliza, "mnamtengenezea nani?"

Baba, nililia mbele ya wageni. Wanafunzi walikuwa wameshaanza kubishania majina.

Mwanao, mwalimu