Chai ya Baba Upenuni

Mama mpendwa,

Mulembe sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mvua ya Ndalu imekuachia angalau siku moja ya kuanika maharagwe. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uingereza haina adabu, inaingia hata mahali nilipofunga vifungo. Nimempa barua hii mwenzangu anayekuja Kitale, kwa sababu haya siwezi kuyasema kwa simu Baba akiwa karibu anasikiliza. Isome ukiwa peke yako.

Juzi uliniuliza, "Nekesa, huyu kaka yako Wafula ananieleza mbio mbio tu. Hiyo kitu daktari alipata kwa kifua ya baba yako ni nini haswa?" Nikajifanya mtandao umekatika. Haukuwa umekatika, Mama. Nilikuwa nalia.

Unajua kazi yangu ni kumtunza mzee mmoja nyumbani kwake. Sikuwahi kukuambia kwamba anaugua ugonjwa uleule wa Baba, mesothelioma. Ujanani alikuwa akifunika mabomba ya mvuke kwa asbesto. Baba naye alikuwa akikata kwa msumeno yale mabati mazito ya asbesto, akiezeka nyumba kutoka Kitale hadi Endebess. Unakumbuka alivyokuwa akirudi mweupe kichwa hadi viatu, nasi watoto tukimcheka ati ameanguka ndani ya gunia la unga?

Lile vumbi lina nyuzi ndogo sana, macho hayazioni. Sasa, pafu limevikwa utando mwembamba, kama ule ulio ndani ya ganda la yai. Nyuzi zikifika hapo hukaa miaka na mikaka, hata mtu akasahau kazi yenyewe, ndipo saratani inaanza kwenye huo utando. Unakuwa mnene na mgumu, unatoa maji, na maji yanalibana pafu likakosa nafasi ya kujaa hewa. Ndiyo maana Baba hupumzika njiani akienda chooni, na hulala ameegemea mito. Yale maji waliyomtoa Kitale yalimpa nafuu, lakini yanaweza kurudi. Maumivu ya mbavu yanayopanda hadi begani, jasho la usiku, suruali kumpwaya, yote ni ugonjwa huohuo. Akiacha ugali wako sahanini si kiburi, Mama. Mzee wangu wa huku akimaliza nusu bakuli ya supu tunashangilia.

Sitakudanganya kwamba kuna dawa ya kuumaliza. Ya kupunguza maumivu ipo, kwa hivyo Baba asijikaze kisabuni. Pumzi ikizidi kuwa fupi, Wafula amrudishe kwa daktari. Nawe uliyekuwa ukikung'uta koti lake la kazi kila jioni, mwambie daktari hivyo hivyo, akupime kifua.

Sasa nifike kwa lililonifanya nishike kalamu. Walipodhani ni kifua kikuu, ulitenga kikombe cha Baba, ukakipaka rangi nyekundu ya kucha, na kiti chake kikahamia nje upenuni. Sikulaumu. Ulikuwa na wajukuu ndani ya nyumba, na nesi mwenyewe ndiye aliyekuonya. Lakini majibu yametoka, kifua kikuu hana, na Wafula anasema kikombe bado kiko peke yake dirishani, kwa kuwa majirani wanasema kikohozi ni kikohozi. Mama, huu ugonjwa hauambukizi. Si kwa kikombe, si kwa pumzi, si kwa kitanda. Mimi kila asubuhi namwosha huyu mzee, namkausha mgongo, kisha tunakunywa chai ya birika moja, ananisimulia habari za marehemu mkewe. Mkono wangu uko kwenye bega la baba wa watu, na wangu anakunywa peke yake. Hapo ndipo natamani nyumbani.

Kila nikipiga simu humuuliza, "Baba, uko na nani hapo?" Naye hucheka hadi akohoe. "Niko na kuku, Nekesa. Hawa hawaniogopi, bana." Tunacheka wote wawili. Nikishakata simu sicheki.

Nisalimie kaka yangu Wafula, mwambie najua mzigo wetu wote uko mgongoni mwake. Nisalimie Senge Nafula wa Bungoma, dada ya Baba, maombi yake yanafika hata huku. Wajukuu wako wambusu babu yao kwa niaba yangu, na usiwavute nyuma.

Nitapiga Jumapili mkitoka kanisani. Habari ya kikombe sitaigusa. Nitamuuliza Baba swali letu la siku zote, yuko na nani hapo. Tafadhali Mama, asinijibu kuku.

Ni mimi binti yenu,
Nekesa