Utani wa Chuo na Baraza

Mtaa wa Likoma, Kariakoo
2 Agosti 1970

Kwa Bibi yangu mpenzi, Bi Zena,

Bibi, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata Josepha ninayekaa naye dawati moja. Nalisema kwanza kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaogopa, niishie kukuuliza habari za mihogo.

Ile barua ya Chuo kwenda Baraza la Jiji niliitunga mimi.

Haya, sasa shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Babu, mume wetu, kikohozi kimepungua? Sisi huku hatujambo, ila Baba amekonda, na usimwambie kwamba nimesema.

Chuo anakofanya ukarani kimeishiwa, Bibi. Pesa zilikuwa zinatoka kwa wafadhili wa ng'ambo, mwaka huu wamesema basi. Walimu hawalipwi, Baba halipwi, na mwenye jengo la Chuo anataka jengo lake. Baba amesema Chuo kikifungwa tutahamia kwenu Maneromango. Kwenu nakupenda, lakini hakuna sekondari, na mimi ndiyo kwanza niko kidato cha tatu. Itakuwa mwisho wa shule.

Sasa Mkuu wa Chuo, Bwana Melkiori, Mngoni wa Songea aliyesoma Ulaya, aliandika barua ya Kiingereza kuomba Chuo na Baraza wafanye kazi pamoja. Baraza wakairudisha: tuandikieni Kiswahili. Bwana Melkiori Kiswahili anakisema vizuri, ila akikiandika kinavaa tai. Akampa Baba, Baba akaja nayo nyumbani, akaniita uani.

"Wewe si unasoma lugha zote mbili? Fasiri hii. Ila isitoke nje, watasema Chuo kizima kimesaidiwa na mtoto wa shule."

Nikaenda vizuri mpaka neno moja. Ni neno la watu wawili walioungana kufanya jambo, kila mmoja na chake, hakuna bwana wala mtumwa. Nikaandika "ubia". Baba akaruka. "Ubia ni wa mabepari! Unataka nilale ndani?" Nikaandika "ushirika". "Hapo watatupeleka Idara ya Ushirika, tukapewe pamba tulime." Nikaandika "urafiki". "Urafiki ni kiwanda cha nguo. Tutaletewa khanga." Akaenda kuswali, akaniacha na lile pengo.

Nikawaza, ni nani na nani walio hivyo? Nikatukumbuka mimi na wewe. Nikaandika: "Chuo kinaomba kuwa na utani na Baraza la Jiji."

Baba aliipiga taipu macho yamechoka, hakuliona. Bwana Melkiori akatia saini bila kusoma. Imekwenda, Bibi! Tangu hapo nikisikia mtu anacheka barabarani najua ananicheka mimi. Nimwambie Baba? Au nikae kimya mpaka watufukuze?

Ni mimi mjukuu wako na mke mwenzio,
Zamda


Maneromango
11 Agosti 1970

Mke mwenzangu Zamda,

Marahaba. Herufi hizi ni za mkono wangu mwenyewe, usidhani nimemwandikisha mtu. Mwalimu wa kisomo anasema r yangu inafanana na jembe. Nimemwambia ndicho nilichoshika maisha yangu yote, alitaka ifanane na nini?

Goti halijambo. Mume wetu kikohozi kimepungua, kiburi kimezidi. Anauliza utakuja lini kushika zamu yako jikoni, maana anasema mchuzi wangu umezeeka.

Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka kuku wakakimbia. Nimeisoma tena nikaacha kucheka. Mtoto wewe, umejuaje? Mtani anakuja msibani kwako, anamtukana marehemu wako mpaka waliaji wanacheka, kisha yeye ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Anabeba kuku wako mchana kweupe na huna pa kumshtaki. Ukijivuna anakuvua nguo mbele za watu. Ukianguka hangoji umwite. Hilo neno la Kizungu lina yote hayo? Kama halina, basi lako ni zuri kuliko lao.

Usiende kuomba radhi. Ila ujue jambo moja: mtani hajibu kwa barua. Anakuja kuchukua kitu. Akija, baba yako asinune. Namjua mwanangu Mwinyimvua, tangu mdogo ukimtania analia.

Msalimie mama yako. Mwambie ule ungo wangu nimeuona kwenye picha mliyotuma, na nautaka.

Mimi mke mkubwa,
Bibi Zena


Mtaa wa Likoma, Kariakoo
30 Agosti 1970

Bibi shikamoo,

Natumaini nyote hamjambo. Mama anasema ungo haujui, labda ni wa mpiga picha.

Bibi, wamekuja.

Jana Jumamosi nilimpelekea Baba chakula Chuoni. Mara mkokoteni ukasimama mlangoni. Akaingia Diwani Sadalla, yule anayeuza nazi kwa jumla pale sokoni, kanzu nyeupe, tumbo mbele, hodi hakupiga. Akaitazama ofisi ya Mkuu juu na chini kama anachagua kitanda. Akanyoosha kidole.

"Hiki."

Vijana wake wakakibeba kiti cha Bwana Melkiori, kile cha kuzunguka, Bwana Melkiori mwenyewe ndiyo kwanza amesimama ampe mkono.

"Mheshimiwa! Kwa amri ya nani?"

"Kwa amri ya barua yako. Ukikitaka, njoo ukikomboe Barazani."

"Nilete nini?"

"Lete mdomo."

Akatoka, akakikalia kile kiti juu ya mkokoteni, akasukumwa Mtaa wa Likoma wote kama bwana harusi. Wauza mchicha walimpigia vigelegele.

Mimi nilielewa, Bibi. Moyo ulinipanda kwa furaha. Lakini nilipogeuka nikamwona Bwana Melkiori amekaa juu ya sanduku, uso umekuwa wa majivu. "Wameanza kukamata mali kwa sababu ya madeni," akamwambia Baba. "Leo kiti, kesho meza. Mwinyimvua, fungeni vitabu kabla havijafuatwa. Nitaandika barua ya kufunga Chuo." Na Baba naye hajui kabisa ni neno gani lililokuwa kwenye ile barua. Jioni alirudi nyumbani akamwambia Mama aanze kukusanya vyombo.

Nilitaka kusema palepale. Nikaokota bakuli la Baba nikarudi nyumbani. Darasani mwalimu akiniuliza swali ninalolijua nainamisha kichwa, sembuse kumwambia Mkuu wa Chuo kwamba ametia saini utani?

Kesho kabla ya shule nitakwenda. Sijui kama sauti itatoka. Niombee.

Mjukuu wako,
Zamda


Maneromango
22 Septemba 1970

Zamda,

Sikuulizi hali, kwa sababu mtu aliyenyamaza hivi ama amekufa ama ameolewa. Kama umeolewa, mume wetu anataka kujua ni nani huyo, na anapika nini.

Nimekuombea mpaka Mungu amechoka na jina lako. Basi likija kutoka huko naenda kusimama pale kituoni na goti langu hili. Utingo ananiambia "Bibi, leo hakuna", kama vile namdai.

Kama mnakuja kuhamia, semeni nipake chumba chokaa. Kama hamji, semeni nipumue.

Bibi yako


Mtaa wa Likoma, Kariakoo
27 Septemba 1970

Bibi mpenzi, shikamoo, na pole kwa goti na kwa yule utingo,

Usipake chokaa! Hatuji!

Nilinyamaza kwa sababu kila siku lilitokea jambo jipya, nikawa nangoja liishe. Sasa kaa chini.

Nilikwenda ile Jumatatu. Bwana Melkiori alikuwa kwenye benchi la mwanafunzi, anaandika. Baba alikuwa anafunga vitabu kwa kamba za katani. Nikasimama mlangoni, nikasema. Ilitoka sauti ya panya.

"Unasemaje, binti?" akauliza Bwana Melkiori.

"Si kukamata mali. Ni utani. Mimi ndiye niliyeandika."

Baba akaangusha vitabu. Bwana Melkiori akaomba nakala ya barua, akaisoma kwa kidole, akafika pale. Akavua miwani. Akairudia tangu juu, polepole, mpaka nikatamani darasa langu la hesabu.

"Utani ni wa makabila," akasema. "Chuo ni kabila gani?"

"Kabila la wasiolipwa mshahara," nikasema, na kwa woga nikaongeza, "shikamoo."

Bibi, alicheka! Kwanza bega moja, kisha mabega yote, kisha akashika ukuta. "Mimi Mngoni mzima," akasema, "nimekaa Ulaya miaka yote ile sina hata mtu mmoja wa kunitukana kwa heshima. Nimerudi nikadhani utani niliuacha Songea." Akaichana ile barua ya kufunga. Baba hakucheka, akaanza kuvifungua vitabu kamba. Nikaangalia viatu vyangu.

Kikao cha Baraza kilikuwa wiki iliyopita. Bwana Melkiori akasema lazima niende, niliyeleta maneno. Nilikaa nyuma kabisa na Baba. Diwani Sadalla alikuwa mbele, juu ya kiti chetu, anazunguka.

"Huyu aliyekonda ni nani?" akauliza. "Aa, Chuo! Karibu. Nimesikia kwenu watu wanasoma mpaka njaa. Mna shahada ukutani na panya anayeomba uhamisho."

Ukumbi ukalipuka. Bwana Melkiori akasimama na suti yake. Nikafumba macho.

"Waheshimiwa, nisameheni kwa kuchelewa," akasema polepole. "Nimepita Mtaa wa Kongo. Nimekuta lile shimo lenu katikati ya barabara. Nilitaka kupita, lakini nikaona kwa umri wake haifai kupita bila shikamoo. Likaniitikia marahaba, likanisimulia habari za Wajerumani."

Bibi, kuna diwani mmoja alianguka kwenye benchi. Mwenyekiti wa kikao alijifuta machozi kwa ajenda. Wakatukanana hapo mpaka koo zikakauka: takataka za sokoni, Kiingereza cha walimu, tumbo la Diwani, suti ya Mkuu. Kisha, kama ulivyosema, wakashika jembe.

Diwani Sadalla akanyanyuka kwenye kiti, sura nyingine kabisa. "Basi sikilizeni. Tuna makarani wasiojua mahesabu, tuna mabwana afya, tuna wakusanya ushuru. Wawe wanasoma jioni kwa hawa watani zetu, na ada yao tulipe sisi, tena tuanze na ya mwaka mzima. Walimu wapate chao. Kodi ya jengo iwe juu yetu. Na wao wanafunzi wao watuchoree ramani ya mifereji mpaka kule bonde la Msimbazi, maana mvua ikinyesha tunatukanwa na watu ambao hata si watani."

Madiwani wakanyoosha mikono kukubali. Karani wa Baraza akainua kalamu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mapatano haya niyaite nini?"

"Si wameshakuandikia?" akajibu Mwenyekiti. "Andika utani."

Nikahisi mkono wa Baba begani. Tukatoka pamoja mpaka dukani Mtaa wa Swahili. Hapo akanunua sukari, ambayo hatujaionja tangu mwezi wa Machi, akaniambia, "Mfasiri hanywi chai chungu."

Mshahara umetoka juzi. Ada yangu imelipwa. Mama amerudisha vyombo kabatini anaimba. Kiti pia kimerudi, lakini Diwani ameacha neno: sasa ni zamu ya Chuo kwenda kuchukua cha Baraza.

Mjukuu wako mwenye furaha,
Zamda


Maneromango
6 Oktoba 1970

Mke mwenzangu,

Nimepumua. Nimemsomea mume wetu barua yote kwa sauti, na ile ya shimo kanirudisha mara nne. Sasa anayapa shikamoo hata mashimo ya panya.

Mimi hapa sijambo. Lakini naona jambo moja. Utani wa karatasini umeuweza. Mlangoni kwa Mkuu umeuweza, kwa bahati mbaya. Ukumbini ulikaa nyuma ukafumba macho. Utani wa kufumba macho ni utani gani? Mimi na wewe tumetaniana tangu ulipokuwa huna meno, mpaka sasa mimi ndiye nisiye nayo. Usiniaibishe.

Na ungo wangu?

Mke mkubwa,
Bibi Zena


Mtaa wa Likoma, Kariakoo
6 Desemba 1970

Bibi shikamoo,

Ungo utakuja na basi la Jumatatu, Mama ameungama. Ameweka ndani yake na khanga ya kulipia aibu. Sisi wote wazima. Baba amenenepa, hilo unaweza kumwambia.

Chuoni siku hizi jioni hapakaliki. Makarani wa Baraza wanagombea mabenchi na wauza samaki wa Kivukoni waliosikia kwamba kuna hesabu. Walimu wawili waliokuwa wameondoka wamerudi. Bwana Melkiori anaandika Kiswahili bila tai, kila waraka anauleta kwanza kwangu. Ananiita "Idara ya Lugha".

Kesho tunakwenda kuchukua chetu. Tumeamua kuchukua kengele ya Mwenyekiti, ili wasiweze kufunga kikao mpaka wameikomboa. Na jana Bwana Melkiori akanambia mbele ya Baba: "Keshokutwa msemaji ni wewe, binti. Mimi nitabeba kengele." Nilidhani nitakataa. Bibi, mdomo wangu ulisema ndiyo, nami nikausikia kama wa mtu mwingine.

Kwa hiyo nimetunga. Hujapata kusikia neno langu la hadharani, kwa hiyo sikiliza, uniambie kama linafaa. Nitasimama mbele kabisa, macho wazi, nitamtazama Diwani Sadalla na upara wake, niseme:

"Mheshimiwa, tunakuhurumia kwa biashara yako. Kila siku unakaa katikati ya nazi bila kofia. Ipo siku mteja atakuokota, akutikise sikioni kusikiliza kama una maji, na akikurudisha atasema hii bado koroma."

Baba nimemjaribia, amemwaga chai. La pili ni la tumbo lake, na hilo ndilo kali zaidi, linaanza hivi: "Mheshimiwa, wewe ukija kikaoni, kwanza linaingia

Subiri, Bibi. Kuna miguu barazani, inakuja huku chumbani. Viatu hivi vinavyoburutwa si vya Baba. Sasa anacheka na Mama, anauliza, "Yuko wapi huyo mtani wangu mdogo? Nimesikia kesho ananichinja!" Ni Diwani mwenyewe, Bibi, yuko mlangoni, naitia karatasi chini ya godoro asije akaliona la tumb