Mti wa Breki

Jumatatu, 3 Juni
Maswali ya msuguano tena. Tofali juu ya ubao ulioinama: litateleza au halitateleza? Uzito hautakiwi hata kujulikana, unatokea pande zote mbili za mlinganyo na unakatwa. Napenda unapokatwa. Vitu vichache mjini hapa vinaisha vizuri hivyo. Asubuhi bunduki zililia upande wa Mikelenge. Sasa kimya. Chakula ni sombe ya majani ya mihogo, bila mafuta.

Jumatano, 5 Juni
Treni haziji tangu vita. Baba na Papa Salumu, mwenzake wa zamani wa reli, wanasukuma kigari juu ya reli hadi vijijini, wanarudi na mihogo. Kigari hakina breki. Kwenye mteremko wa kuingia mjini, Baba anakandamiza mti kwenye gurudumu kwa mikono yake.
Leo askari wamewaamuru walete mzigo mara mbili, nusu iwe ya askari. Nikauliza kama mti utashika. Papa Salumu akacheka.
"Hata mutoto wangu anasoma ile fizikia. Uzito haina kazi. Prof njo alisema."

Alhamisi, 6 Juni
Papa Salumu amekosea. Tofali la kitabuni linaukandamiza ubao lenyewe. Likiwa zito zaidi, na msuguano unazidi. Mti wa Baba unakandamizwa na mikono, na mikono haiongezeki mzigo ukiongezeka.
Nimempeleka Baba kwenye soko la Kasuku akandamize mti kwenye mizani ya muuza chumvi. Muuza chumvi akauliza:
"Papa, unauzisha kuni ama unauzisha mikono?"
Watu wakacheka. Baba pia. Mshale haukufika mbali. Nikatazama mabega yake. Miezi hii yote anatuachia sahani yake, anasema ameshiba. Tunakula breki.

Ijumaa, 7 Juni
Baba aliporudi kutoka msikitini nilimwonyesha hesabu. Mzigo wa kawaida: mti unashika, kwa shida. Mara mbili: haushiki. Nikamwambia asiende. Akasema asipokwenda watakuja hapa, na hapa tupo mama na mimi. Nina hasira naye kwa sababu ni kweli.
Nimetafuta nguvu isiyotegemea mikono. Gogo. Likiburutwa nyuma ya kigari kwa kamba, juu ya kokoto, linajikandamiza lenyewe kama tofali. Nikaandika upya. Alisoma polepole, kidole juu ya kila mstari.
"Sawa, Mama. Tutafunga gogo."
Ananiita Mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Jumamosi, 8 Juni
Wameondoka na gogo. Askari mmoja amekaa juu ya kigari. Hasukumi.

Jumatatu, 10 Juni
Hakuna habari. Sikusoma.

Jumatano, 12 Juni
Papa Salumu amerudi kwa miguu, mkono umefungwa kitambaa. Gogo lilishika vizuri mwanzo wa mteremko. Askari akasema linawachelewesha, akakata kamba. Kigari kikashika kasi. Askari akaruka. Papa Salumu akaruka, akampigia Baba kelele naye aruke. Baba aliendelea kukandamiza. Chini kule wanawake wanauza kando ya reli. Mti ulitoa moshi, anasema Papa Salumu. Kigari kilipinduka kabla ya kuwafikia.
Tumemzika Baba kabla ya magharibi. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Naichukia.

Jumatatu, 17 Juni
Nimerudi shuleni. Profesa, mwalimu wetu wa fizikia, alichora mteremko ubaoni, akaniona, akaufuta. Afadhali angeuacha.
Jioni Papa Salumu alileta mti wa Baba. Ncha ni nyeusi, laini kama sahani. Nyumbani hatuna kuni na hakuna anayethubutu kuingia msituni. Mama aliushika muda mrefu, kisha akaniuliza kama tuutie jikoni. Nikasema sawa.
Uliwaka polepole. Sombe iliiva. Tulipakua sahani mbili.