Kigae Kilichojibu

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili asubuhi

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Baridi ya huko inakutendaje, na mgongo umepoa? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunashukuru tunapumua. Mama anakula vizuri na bado ananigombeza nikichelewesha chai, kwa hiyo ujue yupo.

Sasa lile suala la mama kukataa kuoga bafuni. Nilikudokezea kwenye simu kwamba anaogea kwenye beseni chumbani kwake, eti ukutani kuna mtu anakohoa. Wewe ukasema tumpeleke kwa daktari wa wazee. Nami nikaona ni kweli, akili imeanza kumponyoka, nikachukua miadi.

Kabla ya siku hiyo nikaingia kusugua bafu. Ile saruji nyeupe ya kati ya vigae ilikuwa inamomonyoka yenyewe, inaanguka sakafuni kama unga. Nikagusa kigae kimoja karibu na bomba la mvua, kikacheza kama jino la mtoto. Nyuma yake ikatoka hewa. Ya vuguvugu, kaka, na ukuta wenyewe wa baridi.

Nikamwita fundi vigae, yule tunayemwita Taratibu kwa mwendo wake, nikamsimulia na kikohozi cha ukutani. Akawa anagonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wa mwiko, sikio ameliinamisha.

"Hiki kizima. Hiki nacho kizima. Hiki kina uwazi."

Alipofika pembeni akagonga mara mbili. Ndani ya ukuta nako kukagongwa mara mbili.

"Dada, acha masihara," akasema bila kugeuka.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nyuma yake, nimeshika ndoo kwa mikono miwili.

Alipogeuka akaniona, tukatazamana. Kisha akabandua vigae vyote vya upande ule. Plasta ilikuwa imeloa chepechepe, na nyuma yake palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Humo bomba la maji limelegea, kiungo chake kimelowa. Akalitikisa, likagonga ukuta: ko, ko.

"Mtu wenu anayekohoa huyu hapa!"

Nilicheka sana. Nikamwita mama aje aone. Akachungulia, akatikisa kichwa, akarudi chumbani kwake.

Kazi imetoka safi. Bomba limebanwa, plasta mpya imeachwa ikakauka vizuri, vigae vimerudishwa na maungio yamejazwa. Hakuna kinachocheza.

Lakini fundi alipokuwa anafunga mfuko wa vifaa, akanivuta kwenye mlango wa uani.

"Sikutaka kusema mbele ya mama. Ile siku, kabla sijaanza kugonga, nilishafunga maji yote huko nje. Bomba lisingegonga lenyewe."

Akaondoka, na safari hii hakutembea taratibu.

Mama sasa anaoga bafuni kila siku, tena anaimba. Nikamuuliza kama haogopi tena. Akanijibu huku anajipaka mafuta, "Nimwogope wa nini? Ukutani hayupo. Si mlimfungulia?"

Miadi ya daktari sijaifuta, ila sijui nikamweleze nini. Ukipata likizo, kaka, njoo. Jambo hili ni zito kulibeba peke yangu.

Wifi msalimie sana, na watoto waambie shangazi yao amewakumbuka. Mama mdogo anakusalimu, anauliza picha zake umezitupa wapi.

Mama naye anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia, akageukia kiti kitupu kilicho pembeni yake, akasikiliza kidogo, akasema niandike salamu kwa Kijiti. Halafu akaniuliza, "Kijiti ndiye nani?" Wewe ndiye uliyeniambia kwamba baba alikuita hivyo mkiwa wawili tu, na baba tulishamzika.

Mungu akufunike popote ulalapo.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako