Jina Halifutwi kwa Kusikia: Kwa Mwalimu Jabiri Mdoe

Mwaka umetimia, Mwalimu, tangu presha ilipokuangusha Korogwe ukiwa na chaki mkononi, nasi tukakurudisha Sindeni umelala ndani ya gari, wewe uliyejigamba kuwa hujapata kusinzia safarini. Tulikuzika kabla ya alasiri. Waliokuosha walisema vumbi jeupe la kwenye kucha zako halikutoka.

Tunakuita Mwalimu kwa sababu hata mkeo Tatu alikuita hivyo miaka thelathini, akikutengea ugali na akikugombeza. Ulipenda chai ya tangawizi mpaka ikuwashe koo. Ulichukia viatu vipya. Kengele ya baiskeli yako uliipiga mara mbili, ukitua kidogo katikati, hata kama njia haina mtu wala mbuzi.

Ulipoajiriwa na masista kwenye shule yao ya Korogwe, Wazigua wenzako hawakukuacha kwa utani. "Jabiri, utarudi umebatizwa!" Ukawajibu, "Nimekwenda na udhu wangu, nitarudi nao." Na kweli ulirudi nao. Kila Ijumaa Sista Skolastika, mwalimu mkuu, alilishika darasa lako yeye mwenyewe ili uwahi msikitini.

Ulipenda kutusimulia alivyokupokea. Ulimwuliza atakupa darasa gani, naye akasema, "Hapa hatufundishi darasa, Mwalimu. Darasa halina roho. Tunafundisha mtoto mmoja mmoja, akili yake na moyo wake, na kila mmoja tunamjua kwa jina, kama Mungu anavyomjua." Ukamwambia hilo hata kwenu lipo. Mkacheka, na tangu siku hiyo mkaelewana.

Wengine wangeliacha neno hilo ukutani pamoja na kalenda. Wewe ulilipandisha baiskeli. Juu kabisa ya daftari la mahudhurio, kabla ya namba moja, uliandika jina lako, na kila asubuhi ulijiita kwanza, "Jabiri Mdoe!" ukajiitikia, "Nipo!" na watoto wakacheka. Mtoto asipokuwepo, jirani yake wa dawati alisimama kumjibia: "Hayupo, anaumwa," au "Hayupo, amekwenda Bungu kwa shangazi yake." Akikosa siku nyingi, ulikwenda kwao. Hukufuta jina la mtoto kabla hujanywa maji nyumbani kwao. "Jina halifutwi kwa kusikia," ulisema. "Nikishakunywa maji yao nimeingia ndani, nimeona, nimeambiwa na wenyewe. Hapo ndipo naishika kalamu nyekundu."

Binti yako Rukaya, aliyekuwa akifundisha shule hiyohiyo, ndiye aliyekabidhiwa Darasa la Tano na daftari lako. Tuseme ukweli, maana uongo hukuupenda: alichoka. Watoto sitini na watatu, madaftari rundo, na msiba bado mbichi kifuani. Masika ilipoanza, Filomena Yordani, namba ishirini na tisa, binti wa mkata mkonge wa kambi ya Ngombezi, alikosa wiki tatu. Mama mmoja wa kambi ileile alimwambia Rukaya sokoni kwamba Yordani alionekana na mizigo begani, wamehamia Handeni wote. Rukaya hakwenda kuona. Alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari.

Kesho yake aliita ishirini na nane, akataka kuruka kwenda thelathini. Kabla hajafungua mdomo, sauti ya msichana ikatoka dawati la nyuma: "Nipo." Nafasi ya Filomena ilikuwa tupu. Rukaya akadhani ni utani, akagomba. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu akawatazama vizuri, akaona hakuna anayecheka, na Maryamu, jirani wa dawati wa Filomena, amejisogeza ukingoni kama mtu anayempisha mwenzake akae.

"Maryamu, ni wewe unayeitikia?"

"Si mimi, madamu. Ni Filomena. Si ameitwa?"

"Nani amemwita? Mimi sijamwita."

Maryamu akawatazama wenzake, nao wakainamisha vichwa. "Mwalimu Jabiri ndiye anayemwita, madamu. Kwani wewe humsikii?"

Hakukusikia. Alituambia hofu ilimjia baadaye. Kwanza ulimjia wivu. Watoto wa watu wanamsikia baba yake, na yeye, binti yake wa kumzaa, hamsikii! Alisimama na daftari mkononi, machozi yakimlenga mbele ya darasa zima. Ndipo kengele ya baiskeli ikalia nje ya dirisha, mara mbili, kwa ule mtuo wako katikati. Hiyo aliisikia. Baiskeli yako, Mwalimu, ilikuwa huku Sindeni, imening'inizwa jikoni, magurudumu hayana upepo.

Alimwachia Sista darasa, akatoka na vumbi la chaki mikononi. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali baada ya mvua, mkonge umesimama mistari kwa mistari pande zote mbili. Kengele ilimtangulia. Akifika kwenye kona, inalia kona ya mbele. Alitazama chini: tope lilikuwa laini kama uji, na halikuwa na alama ya gurudumu wala ya mguu. Aliendelea, mpaka kengele ikanyamaza mbele ya mlango mmoja wa kambini uliokuwa umerudishiwa.

Ndani, Filomena alikuwa amelala mkekani, mguu umevimba mpaka gotini. Mwiba wa mkonge ulimchoma wayo, nao ukaozea humo. Baba yake alikwenda Handeni peke yake kufyeka shamba, akamwacha na bibi yake ambaye macho hayaoni vizuri. Majirani waliona mizigo, wakaona mlango umefungwa, wakamaliza habari.

"Shikamoo, madamu," alisema Filomena kwa sauti iliyokauka. "Nilikuwa naitikia kila siku. Leo, nilipokwisha kuitikia, Mwalimu amesema nipumzike, unakuja mwenyewe."

Bibi akapapasa, akakishika kikombe cha bati kilichojaa maji, akamkabidhi. "Mwalimu wenu mtu wa ajabu," alisema. "Kila asubuhi anasimama hapo mlangoni, namtekea maji, hanywi. Anasema si yake, ni ya anayekuja."

Rukaya aliyanywa yote, meno yakigonga bati. Mchana huohuo Filomena alifikishwa hospitali, na daktari akasema wangechelewa siku mbili tu, tungekuwa tunazungumza mengine. Jina lake liliandikwa upya mwisho wa daftari, namba sitini na nne. Ule mstari mwekundu Rukaya aliuacha ulivyo, auone kila asubuhi, na umwume.

Tangu siku ile kengele haijalia. Mwaka huu Rukaya amepanda na watoto wake Darasa la Sita, na kwenye daftari jipya amekuandika tena juu ya namba moja. Anakuita, na Filomena anasimama na mguu wake unaochechemea kidogo, anakujibia: "Hayupo, yuko Sindeni." Kisha darasa zima linanyamaza kusikiliza, na wanasikiliza mno. Sista amemwambia kwa upole, "Binti yangu, umefika wakati wa kumfuta. Fuata utaratibu wake mwenyewe."

Basi juzi Rukaya alikuja kwenye dua yako. Alishinda na kiu, hakugusa kitu. Jioni Tatu akamtekea maji ya mtungini, akampa kwa mikono miwili. Rukaya alikipeleka kikombe mdomoni. Kila mmoja wetu alijua ni maji ya nini. Akakishusha.

"Siwezi, mama. Nikinywa nitamfuta."

Tatu hakumlazimisha. Alikichukua kile kikombe, akakifunika kwa kisahani, akakiweka kando ya mlango. "Basi kikae hapo," akasema. "Si chako. Ni cha anayekuja."

Unakumbukwa na mkeo Tatu; wanao Rukaya na Salimu; dada yako Yusra; wajukuu na ukoo wote wa Mdoe wa Sindeni; Sista Skolastika na watoto wako wa darasani; na Filomena Yordani, namba sitini na nne.

Kikombe bado kimejaa, Mwalimu. Hatujakufuta, wala hatutakufuta.