Ukuta Wetu Umefika Kwenye Bati

Murungu, Jumapili

Rafiki yangu Gaudensia,

Leo sijaandika shajara. Nakuandikia wewe, maana jambo hili sina mwingine wa kumweleza.

Darasa lako la tatu sasa analo Mwalimu Festo, kijana aliyemaliza chuo Kasulu. Ana bidii na ana sauti. Zamu zetu hazijui. Wewe ukisomesha kwa sauti, mimi nawapa watoto wangu wa la pili kazi ya kuandika. Ukigonga ukuta kwa rula, tunabadilishana. Miaka sita tulifundisha hivyo, kwa kuwa ukuta kati yetu uliishia juu kidogo ya mlango, kisha uwazi, kisha bati. Ulikuwa ukinitania, "Wewe Mnyaturu, hesabu zako wanazijua mpaka watoto wangu."

Sikumwambia Festo. Nilitaka zamu zile zibaki zetu. Wiki ya kwanza baada ya kukuzika niliwanyamazisha watoto, nikasimama nikingoja rula yako. Mmoja akaniuliza kama naumwa.

Kisha wazazi wakafyatua matofali kwa kujitolea ili ukuta ufike juu. Mwalimu mkuu alipotaka maoni yangu nikasema tungoje mvua zipite. Haikuwa mvua, Gaude. Kwenye uwazi ule ndiko ulikopitisha salamu ya lugha ya kwenu kila asubuhi, "Mwakeye, mwalimu." Tangu nihamie huku ugenini, hakuna mwingine aliyewahi kunisalimia kabla hajaniona.

Jumatano nilimwita Yusta asome mbele, nami nikaenda kukaa dawati la mwisho. Niliona midomo yake ikicheza. Nilichosikia ni Festo na jedwali lake la kuzidisha kwa saba. Watoto wawili niliokaa nao walikuwa wanachora kwenye meza, wala hawakushtuka kuniona; ndivyo siku zao zinavyopita. Na mimi nimekuwa nikiandika kwenye ripoti kwamba hawana usikivu.

Niliona aibu. Siku hiyo hiyo nikaenda ofisini, nikasema wajenge.

Jana waliziba. Nilibaki peke yangu mpaka mafundi wakaondoka, nikaita jina lako mara moja. Halikwenda popote.

Kesho watoto watanisikia. Mimi ndiye nitakayezoea.

Basi pumzika, Gaude. Nakuahidi, kabla hawa hawajavuka kwenda la tatu, kila mmoja atasimama mbele asome ukurasa mzima, nami nitakuwa nimekaa nyuma kabisa, nikimsikia.

Mwenzako,
Zaina