Wimbo Uliobaki Kwenye Picha Yetu

Da Zuwena,

Salamu yangu kwako siku hizi ni ile wanayopewa watu wa makaburini. Ulimi umeizoea, lakini bado kila nikiingia ukumbini nataka nikwambie kuwa ni mimi, usishtuke. Mwenyezi Mungu akurehemu, alipanue kaburi lako. Leo nakuandikia kwa sababu ya ile picha ya senema ya Kihindi tuliyoikatisha. Nimeimalizia. Uliniambia nisiimalizie bila yako, kwa hiyo ni haki yako kujua ilikwendaje, na kwa nini nimethubutu.

Kwanza habari za nyumba. Zamu yetu ya maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, inafika kama kawaida, na ule mgomba uliokuwa ukiupapasa majani kujua kama una kiu umezaa. Mwanao Said ananipigia simu kila siku kutoka Maskati. "Mama mdogo, njoo ukae na sisi, nyumba ni yako." Namjibu inshallah, na yeye anaijua inshallah yangu. Jirani yetu Umm Khalfan huniletea kahawa, tunakaa, tunazungumza Kiarabu. Ni mtu mwema sana. Lakini Kiswahili, dada yangu, wiki nzima inaweza kupita sijakisema ila na sufuria zangu jikoni. Nilijua nitakukosa wewe. Sikujua kama nitaikosa na sauti yangu mwenyewe.

Mjukuu wako Raya bado huja Alkhamisi akitoka chuoni Nizwa. Ndiye aliyeniletea habari. Alishika rimoti, akakitazama kile kisanduku cha kurekodi alichotufungia baba yake, akasema, "Bibi, hii mashine imejaa. Ikichukua mpya, ile ya zamani inafuta mwenyewe, khalas." Ya zamani kuliko zote ilikuwa yetu, imesimama pale pale uliposema isimamishwe. Nikamwambia aningoje. Akaona uso wangu, akataka kunisaidia kwa namna anayoijua. "Nikupitishie nyimbo? Nusu saa tu, imeisha. Si unataka kujua anaolewa ama haolewi?"

Unakumbuka ulivyokuwa ukimwambia? "Wewe mtoto unakula pilau kwa kuchagua nyama." Naye akijibu, "Sasa Bibi, wali si wali tu?" Ukicheka mpaka unashika mbavu. Kisha msichana kwenye picha akianza kulia, Raya anauliza, "Huyu analia nini? Ametoka kucheka sasa hivi." Wewe humwambii. Unamwachia mwenyewe atafute kilichopita pale aliporuka.

Mimi nimesomesha maisha yangu yote, na nakiri kwamba somo hili umenisomesha wewe, tena mara mbili. Mara ya kwanza kwetu Unguja. Wewe ulikuwa unaruhusiwa kwenda senema siku ya wanawake, mimi naachwa nyumbani na bibi. Ukirudi unaingia chumba cha ndani, unafunga dirisha, unanihadithia picha nzima. Nami nataka hadithi tu. Halafu ikawaje? Wewe unanyoosha mkono: "Ngoja, hapa pana wimbo." Unafunga kanga kiunoni, unaimba maneno ya Kihindi ambayo hata moja hulijui maana, unaizunguka nguzo ya kitanda kana kwamba ni mti wa bustanini. Mimi nimekaa mkekani nakasirika. Naona unanichelewesha.

Mara ya pili ni hapa, sukari ilipokuchukulia macho. Tulikuwa wajane wawili katika nyumba moja, na zamu ikageuka: mimi ndiye nikawa mhadithiaji. Picha zinaletwa na maandishi ya Kiarabu chini, mimi nayasoma na kukufasiria kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama darasani. Lakini wimbo ukianza maandishi yanakatika, maana wanaofasiri hawajisumbui na nyimbo. Nami nikawa nanyamaza. Ukiuliza, nasema, "Wanaimba tu." Siku moja ukanigeukia, ukasema polepole, "Salma, maandishi yamekwisha. Na macho yako nayo yamekwisha?"

Hapo ndipo nilipoanza kutazama.

Nilikuwa nikiamini, kama wengi waliosoma, kwamba wimbo ni pale hadithi inapopumzika watu wakaangalie chungu. Ilibidi nikuelezee ndipo nione kuwa mambo mazito wameyatia humo. Mtoto anakimbia kondeni akiimba, na kabla hajafika mwisho wa konde ni mwanamume mwenye masharubu. Miaka imepita na hakuna aliyetamka kuwa imepita. Msichana anaanza ubeti hamtaki yule kijana, anaumaliza hawezi kuishi bila yake, na ukiuliza amebadilika lini utamkuta amebadilika baina ya nguo ya manjano na nguo ya buluu. Nilikuwa nikizicheka zile nguo. Nani anabadilisha nguo mara nne juu ya mlima wa theluji? Ukaniambia, "Pale hawapo mlimani, mdogo wangu. Wapo moyoni, na moyoni mtu huvaa apendavyo."

Tena, wale ni watu ambao hawawezi kushikana mkono mbele ya wazee wao. Hawana ruhusa ya kusema nakupenda, wala ya kusema sikutaki. Lakini wimbo wote wanaruhusiwa. Baba anakaa pale pale anatikisa kichwa, anaona ni burudani, na binti yake anamwambia kila kitu mbele ya wageni. Sisi tuliolelewa kwa adabu zile zile tulilielewa hilo kabla hatujafundishwa. Ndiyo maana ukumbi mzima wa wanawake wa Unguja ulikuwa ukilia kwa lugha usiyoijua.

Sasa nirudi kwenye picha yetu. Tuliiacha mahali gani, unakumbuka: binti wa muuza bangili ameposwa na mtu mwingine, turubai la harusi linafungwa, na yule mpiga ngoma anayempenda hajulikani alipo. Ulikuwa umejishika kifua tangu mchana na hukutaka niseme. Ukaniambia, "Atakuja. Atakuja na wimbo, utaona. Simamisha hapo, nikirudi tutaendelea. Usimalizie bila yangu." Tukakupeleka hospitali ya Nizwa, na hukurudi.

Baada ya hapo wimbo wowote ukianza nilikuwa nazima. Si kwa maneno ya watu, ingawa wapo walioniambia nyumba ya msiba haifai hayo. Yasini yako naisoma, hilo usihofu. Nilikuwa nazima kwa sababu maandishi yakikatika nafungua mdomo, na hakuna wa kumwambia.

Lakini kuiacha mashine iifute picha bila mtu kujua kama alikuja au hakuja, hilo nalo nililiona ni kukusaliti. Basi Raya nikamwambia aende zake, hii nitaitazama mwenyewe. Nikaitazama Ijumaa baada ya sala ya alasiri, mahali pako nimepaacha wazi.

Alikuja, Da Zuwena. Kama ulivyosema. Ameingia na kundi la wapiga ngoma wa kukodiwa, amefunga kilemba mpaka kwenye nyusi, na baba wa bibi harusi anampokea kwa furaha asijue ni nani. Ngoma ikaanza, maandishi yakakatika. Nikafungua mdomo nikasema, "Kaingia, kavaa..." kisha nikanyamaza.

Basi kwa mara ya kwanza tangu tuanze mambo haya nikausikia wimbo bila sauti yangu juu yake. Sikujua kama waimbaji wale wana sauti nzuri hivyo. Miaka yote nimewafunika kwa maneno yangu. Nilisikia hata pumzi ya mwimbaji anapoivuta kabla ya kiitikio. Ni kizuri, dada yangu. Na kimenipita kama maji ya falaji yanavyopita nje ya ukuta wa mwenye shamba lisilo na zamu.

Wageni wanacheza, wanarusha maua. Yeye anazunguka na ngoma yake, anamwombea bwana harusi maisha marefu. Maneno siyajui, lakini mikono yake ilikuwa inabariki. Bibi harusi ameinamisha kichwa, hana uso, kafunikwa na maua. Mtu angesema hasikii. Mimi macho yangu hayakukaa juu, pale walipotaka watazamaji tutazame. Yalishuka yenyewe, yanatafuta kitu cha kukuletea, kwa mazoea. Nikauona mguu. Chini ya pindo la nguo, mguu wa kushoto wenye hina, unaipiga ngoma ile ile. Polepole, kidole tu. Nikasema kwa sauti, "Mguu wake, Da Zuwena, mguu wake unacheza."

Na sikunyamaza tena. Nikakuhadithia mpaka mwisho. Nikakwambia kwamba mpiga ngoma naye ameuona ule mguu, akasogea, akaipunguza ngoma mpaka ikawa kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Kisha mguu ukasimama. Ngoma bado inalia, mguu umesimama, umerudi ndani ya nguo. Naye akaelewa, akashusha kijiti, akainama kama anavyoinama mpiga ngoma yeyote aliyemaliza kazi yake. Wageni wakapiga makofi. Waliagana mbele ya watu wote na hakuna aliyejua.

Umm Khalfan akaita mlangoni kwa Kiarabu, "Una mgeni?" Nikamjibu kwamba sina. Akangoja kidogo, akaweka birika la kahawa kizingitini, akaondoka.

Binti aliolewa na yule mwingine. Najua ungegombana na mtunzi mpaka Isha.

Mashine imeshachukua picha mpya, na ile yetu imekwenda. Sikuizuia. Raya alipokuja nilimwambia akae na asiguse rimoti. Akasema, "Bibi, kama utasimulia, sawa." Nikamhadithia ile yetu, na wimbo wake wote. Kiswahili chake unakijua, nusu ya maneno hakuyapata, akawa ananiuliza kila mara, "Pindo nini?" Nikamwonyesha la kwangu.

Kwaheri, dada yangu. Nakuahidi sitaruka wimbo hata mmoja. Akiwepo mtoto, nitamhadithia mtoto. Asipokuwepo mtu, nitasema vile vile, kwa Kiswahili chetu, kwa sauti, na jirani aseme apendalo.

Mdogo wako,
Salma